Kidoti Chekundu na Mbuzi wa Ng'ambo

Kambini, porini upande wa Kibondo
Tarehe 14 Agosti

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Badru,
Kagerankanda, Kasulu.

Shikamoo Baba. Mwakeye, mmeamkaje hapo nyumbani? Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Na Mama Kuruthumu, kifua kimemwachia? Mimi ni mzima kama chuma cha reli, sina neno ila hamu ya kuwaona. Nimenenepa hadi vifungo vya sare vinalalamika. Naandika kwa kalamu kwa sababu huku mtandao haufiki, na wewe mwenyewe tangu masikio yapungue simu umeipa talaka. Barua hii analeta Constantin, dereva wa lori letu la vyakula, na najua atakayekusomea ni mdogo wangu Adija, kama kawaida. Adija, soma polepole, usimeze maneno.

Baba, ujumbe wako nimeupata. Kabla hujapeleka karatasi polisi ili leseni ya bunduki ihamie kwangu, unataka nichague kimoja cha kufungwa juu yake kati ya vile vitu viwili nilivyojisifia wakati wa Idd: kidoti chekundu na kikuza chake, au darubini fupi. Umemuuliza mwenyewe. Kibondo nzima, jumlisha na Kakonko, hakuna anayejua vioo vya bunduki kunishinda. Nimewabebea bunduki wageni wanaokuja kuwinda huku, Wabelgiji, Warusi, na Mwarabu mmoja aliyekuja na mpishi wa kahawa tu.

Kidoti ni kioo kidogo kinachokaa juu ya bunduki. Ukichungulia unaona nukta nyekundu, unaiweka juu ya mnyama, basi. Macho yote mawili wazi, haraka kama kupiga chafya. Lakini hakivuti kitu karibu. Ndiyo maana nyuma yake huwekwa kikuza, kioo cha pili cha kuvuta mara tatu. Usipokihitaji unakilaza pembeni kama mlango wa banda la kuku. Ubaya wake ni uzito juu ya uzito, tena kidoti kinakula betri ya mviringo ambayo hapo Kagerankanda utaitafuta mpaka uote ndevu mpya. Darubini fupi ni kitu kimoja. Unazungusha pete, inaanza na moja, kama jicho tupu, inakwenda hadi sita. Mistari ya kulengea imechorwa ndani ya kioo, betri ife isife, ipo. Ila inataka jicho likae mahali pake barabara, na mwenye haraka itamchelewesha.

Sasa sikia kilichonipata. Wiki iliyopita alikuja mgeni mwenye vyote viwili. Asubuhi ya kujaribu bunduki, akaona aniheshimu, maana mimi ndiye mkuu wa wafuata nyayo, akanipa nichungulie kidoti. Nikatanua kifua. Baba, nilichokiona si kidoti, ni nyanya iliyokanyagwa. Akaniwekea kikuza nyuma yake, nyanya ikazidi kuwa kubwa, na mbegu zake. Nikatangaza mbele ya watu kwamba mashine imeharibika. Mgeni akaangalia, akasema ni nzima. Akaitwa Rodrigue, mpishi wetu Mkongomani, anayeogopa bunduki kuliko anavyomwogopa mkewe. Akachungulia, akasema ile kitu iko rond kabisa, sawa jicho ya kuku, na kama mimi naona nyanya basi nimfuate jikoni tukaikaange. Kambi nzima ikacheka. Mimi nikacheka kuwazidi, ndiyo dawa yake.

Kisha nikapewa darubini. Mgeni akazungusha pete ya nyuma kabisa, ile ya kurekebisha kioo kifuate jicho la mtu, kidogo kidogo. Ghafla mti wa ng'ambo ya mbuga ukaota majani. Jani moja moja, Baba! Chini yake nikahesabu nyamera kumi na wanne bila kumuuliza mtu. Machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi.

Hapo nikakumbuka kizingiti chetu. Unakumbuka zile jioni ulizorudi na kanga, uliyemkimbilia kwa kisu umchinje kabla roho haijatoka? Mama anapuliza moto, kitunguu kinanukia mpaka kwa majirani, nawe unatupanga kizingitini tutazame mlima wa ng'ambo, mbuzi wa Mzee Mpawenimana wakishuka kurudi nyumbani. Unauliza ni wangapi. Anayepatia anakula ini, na ulisema huyo ndiye atakayerithi bunduki. Ladha ya lile ini ninayo mdomoni hadi leo. Nililila mimi, miaka yote. Ukaniita Jicho, na kijiji kizima kikaniita Jicho.

Baba, kaa vizuri. Mbuzi wale sijapata kuwaona hata siku moja. Niliona mlima, na ukungu mweupe ukitembea. Adija alikuwa anakaa nyuma yangu, ananigusa mgongoni kwa kidole, mguso mmoja mbuzi mmoja. Siku ya kwanza nilimwomba kwa kuogopa kuchekwa. Baadaye nilizoea ini. Yeye nilimwachia shingo.

Na lipo la kuumiza zaidi. Ile siku ya pili ya Idd niliposema Adija ameusukuma mtutu na kunikimbizia nguruwe kwenye mihogo, ukamfokea mbele ya wageni, naye akaendelea kuwamiminia chai. Hakukuwa na nguruwe. Aliyekuwa ameinama pale ni Mzee Nizigiyimana, anachimba mihogo yake na shati lake la kahawia. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kifyatulio. Adija aliona, mimi sikuona. Kila nikilala namwona mzee yule akinyoosha mgongo na kunipungia mkono kwa furaha.

Nimekwenda kwa daktari wa macho Kibondo. Ameniambia macho yangu hayakuviringika sawasawa tangu kuzaliwa, na ya mbali hayayafikii. Sasa navaa miwani. Rodrigue ananiita Bwana Mwalimu, mimi niliyeishia darasa la sita.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ingekuwa kwa mikono yangu, ningechagua darubini. Lakini bunduki usinipe mimi. Andika jina la Adija. Usiseme ni mtoto wa kike. Nguruwe hatauliza, na shamba analilinda yeye. Kidoti peke yake kitamtosha, na betri nitaleta pakiti nzima. Kikuza hahitaji. Mimi ndiye niliyekuwa nacho, kilikaa nyuma yangu pale kizingitini, na kila nilipopewa ini nilikilaza pembeni.

Adija, nakujua, hapa umetaka kuruka. Nimemhadithia Constantin yote, na nimemwambia asiinuke kwenye kiti mpaka Baba asikie hadi mwisho.

Nisalimie Mama, nisalimie Mzee Nizigiyimana, mwambie kanzu mpya inakuja, nyeupe, sababu nitamweleza mwenyewe kwa mdomo wangu. Kesho mbuzi wakishuka, Baba, mkalishe Adija mbele, umuulize. Nikija mwezi ujao nitakaa nyuma yake, mikono mapajani.

Mwanao mwenye miwani,
Lukmani Badru

Kanga namleta mimi. Ini ni lake.