Mbili na Tatu

Makandana, Jumanne, Julai. Mwaka wa thelathini na tisa tangu nitoke Ukerewe kuja kufundisha hisabati huku.

Halikuwa swali gumu, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Atupele, binti wa jirani, alileta mlinganyo wa kipeo cha pili: x² + 5x + 6 = 0. Unatafuta namba mbili ambazo zikijumlishwa zinatoa tano, zikizidishwa zinatoa sita. Nimefundisha hivyo mpaka nikastaafu. Leo nilishika kalamu na hakikuja kitu. Nilijua ninachotafuta, ila namba zenyewe hazikuwepo.

"Babu, leo umegoma?" akacheka. "Si ulisema hii hata kuku anaiweza?"

"Nakupima," nikamwambia.

"Haya, mbili na tatu! Nimefaulu?"

"Umefaulu." Nikacheka naye, nikamrudishia kalamu.

Marehemu kaka yangu alianza hivihivi. Alisahau kwanza mambo aliyoyajua kuliko yote, halafu siku moja akasahau njia ya kutoka ziwani kwenda nyumbani.

Mdogo wangu amepiga simu tena jioni hii. "Rudi, kaka. Uzeekee kwenu, tutakutunza." Kila mara humjibu, mwakani.

Lakini hapa miguu yangu inajua yenyewe kushuka sokoni, kupanda kanisani, kufika mlangoni kwa mama Atupele. Ukerewe ninayoijua imebaki kichwani tu, na kichwa hiki sasa...

Kesho nitampigia. Sitarudi.