Mpira Unapinda Kulia

Jumatano, 9 Agosti 1905

Umepinda tena! Mbele ya boma, peupe kabisa, upepo hakuna. Ukaanza vizuri, halafu ukageuka kulia kama mbuzi aliyeona mahindi, ukaingia vichakani. Bwana Edmund akacheka mpaka akakaa chini. Leo, karani mwenzangu, hakucheka. Hilo ndilo lililoniudhi.

Mchezo wenyewe Bwana Edmund anauita gofu. Yeye ni mpima ardhi, fimbo amekuja nazo kutoka kwao. Hapa Songea hakuna Mzungu wa kucheza naye, basi anatuchezesha makarani wake: mimi niliye Myao wa Tunduru, na Leo, Mngoni aliyesomeshwa na mapadri wa Peramiho. Mwisho wa mwezi anahamia Ziwa Nyasa. Atamchukua karani mmoja tu — yule anayepiga vizuri kwa fimbo kubwa, ile ndefu yenye kichwa cha mti. Kwake ni mzaha. Kwangu siyo. Nataka kuondoka hapa na mke wangu Sharifa. Siku hizi nikipita sokoni watu wananyamaza.

Mpira wa Leo unakwenda sawa. Wangu kulia. Na fimbo zote analala nazo Leo chumbani kwake!

Jumamosi, 12 Agosti

Nimeikagua fimbo. Kichwa hakijapasuka. Nimeitazama kwa jicho moja, haijapinda. Nikamwomba Leo yake. Akanipa papo hapo. Kulia vilevile! Sasa namshuku zaidi. Kwa nini alitoa upesi hivyo?

Nyumbani nikamkuta shemeji Fusi, kaka yake Sharifa. Akauliza mipira inaangukia wapi. Eti watu wanasema panapoangukia mpira ndipo Mjerumani atakapochukua shamba la pamba.

"Ni mchezo tu, shemeji," nikasema, nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza askari wa langoni wanabadilishana saa ngapi — kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua itanyesha!

Nikasema sijui. Najua. Naye anajua kwamba najua.

Sharifa alikuwa anapepeta unga muda wote. Hakuinua uso.

Jumatano, 16 Agosti

Wachukuzi waliotoka pwani wanasema Wamatumbi wameng'oa pamba na wanapigana. Bomani hakuna anayelitaja jambo hilo kwa sauti.

Amekuja Mzungu mmoja, Mskochi, kutoka upande wa Waingereza, anatafuta ng'ombe wa kununua. Alinitazama nikipiga. Mpira kulia. Akatikisa kichwa. Akauliza nani alinifundisha. Nikasema hakuna, Bwana Edmund alionyesha mara moja tu. "Kesho asubuhi," akasema.

Anataka nini kwangu?

Alhamisi, 17 Agosti

Nimefundishwa! Acha niandike yote kabla sijasahau.

Alianza na mikono. Nilikuwa naishika fimbo kama mchi wa kutwangia. Akaugeuza mkono wangu wa kushoto ulale juu zaidi, mpaka nikaona vifundo vya vidole vyangu. Kisha akavua kofia yake, akaibana kwapani mwangu kulia. "Isianguke." Kofia ya Mzungu, kwapani mwangu! Askari wakafa kwa kicheko.

Halafu akaeleza kosa, kwa Kinyanja na Kiswahili kidogo. Fimbo yangu inatokea nje na kuvutwa ndani, kuelekea tumboni, kama mtu anayefyeka majani. Inaukwaruza mpira ubavuni, mpira unazunguka, unapinda. "Tupa mikono kule," akasema, akanyoosha kidole kulia, kwenye milima ya Matogoro.

Nikasema: lakini kulia ndiko ninakokukimbia!

"Ndiyo maana," akasema. "Ukizidi kukukimbia, unazidi kufyeka."

Nikapiga. Kofia ikaanguka. Nikapiga tena. Akanizuia, akauliza namtafuta nani.

"Simtafuti mtu."

"Kila ukipiga kichwa kinainuka. Mpira uko chini."

Ni kweli, natafuta mtu. Kila siku kuna watu wamesimama pale mwisho wa uwanja, kwenye nyasi ndefu. Jana nadhani Fusi alikuwa mmoja wao. Nikajilazimisha kutazama chini. Nikapiga —

Lo! Sauti yenyewe ilikuwa nyingine, kavu, tamu. Mpira ukaruka moja kwa moja, juu, ukapungua ukawa kama nzi. Nilipiga kelele kama mtoto.

Hakutaka chochote. Hakuuliza habari za askari, wala bunduki, wala njia. Mpelelezi mjinga angeuliza. Huyu si mjinga.

Jumatano, 23 Agosti

Mskochi ameondoka, hakupata ng'ombe. Wangoni wote wanasema hawauzi. Ng'ombe wamejaa Ungoni, na hakuna auzaye!

Wanasema boma la Liwale limechomwa.

Nilikuwa natafuta kanzu yangu sandukuni. Chini ya nguo nikakuta kibuyu kidogo, kimezibwa kwa nta, kimefungwa bua la mtama. Bomani tumeambiwa: atakayekutwa na maji hayo ya waasi, eti yanageuza risasi kuwa maji, atanyongwa.

"Ya nani?"

"Yako," Sharifa akasema. "Kaka ameleta. Ukinywa watakujua, hawatakugusa."

"Na wewe umekunywa?"

Akaniuliza kama ninataka ugali au nitasubiri.

Nimeyamwaga nyuma ya choo, nikafukia. Alinitazama nikifukia. Tangu hapo tunazungumza kama wageni. Akinipa maji ya kunywa, nayanusa kwanza. Mke wangu! Naye ameona ninavyonusa.

Jumamosi, 26 Agosti

Siku ya kushindana imefika; aliyepiga kwanza ni Leo. Mpira ukaanza vizuri — ukapinda kulia, vichakani!

Leo, ambaye hajawahi kukosa. Nilimwona: alivuta mikono tumboni kwa makusudi. Kosa hilo nalijua kuliko mtu yeyote, nimelifanya mwezi mzima.

Zamu yangu. Kiwiko ubavuni, macho chini, mikono kwenye Matogoro. Ukaenda sawa. Bwana Edmund akanipiga bega. Safari Jumatatu, mke ruksa.

Nikamfuata Leo nyuma ya stoo. Nikamwuliza ananitega nini.

"Sikutegi, ndugu Abasi. Mama yangu yuko Maposeni, mgonjwa. Niende Nyasa, nimwachie nani?"

"Mbona hukusema mapema?"

"Ulikuwa hunisemeshi. Ulikuwa unazikagua fimbo tu."

Nimeona haya. Lakini njiani nikaanza tena: mama yake anaumwa nini? Nani amemwona? Mungu anisamehe.

Nimemwambia Sharifa tunakwenda ziwani. Akasema, "Haya." Neno hilo moja tu.

Jumatatu, 28 Agosti

Wachukuzi hawakuja. Hata mmoja. Soko tupu, visimani hakuna wanawake. Bwana Edmund anafoka langoni, askari wamepewa risasi. Amesema tubebe wenyewe kinachobebeka, tuondoke sasa hivi, njia ya Peramiho bado iko wazi.

Nimekuja nyumbani mbio. Sharifa ameshafunga mizigo. Vitita viwili, kila kimoja na kamba yake. Nimekaa kitandani naandika; nikitulia nitajua la kusema.

"Kwa nini viwili?"

"Kile cha kaki ni chako. Nimekuwekea viazi vya njiani."

Sauti yake ya kawaida kabisa. Ya jikoni.

Baragumu linalia bomani. Mtu amesimama uani. Chini ya mlango wa mabua naiona miguu yake, imepakwa vumbi hadi magotini. Naijua, ni ya Fusi. Hapigi hodi. Anasubiri.

Sharifa amejitwika kitita chake kichwani. Amesimama katikati ya nyumba, ananitazama — anataka nimwulize anakwenda upande gani, wangu au wa kaka yake. Nikiuliza atasema kweli, naliona hilo usoni mwake.

Baragumu tena. Sijauliza —