Mashamba Manne Yaliyofutwa

Kibaigwa, Dodoma

Baba mpenzi,

Shikamoo, na Mama pia mfikishie shikamoo yangu. Mgongo wake unaendeleaje? Huku nina afya, ila moyo umechafuka, nisikufiche.

Umeniuliza kama ununue ile mbegu mpya ya mahindi ambayo wafanyabiashara wameileta hadi huko Songea tangu biashara ya mbegu ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Usiipande shamba zima, Baba. Ngoja nikueleze, maana kazi ya kuipima nimeifanya mimi.

Sisi wa mradi wa kupima mbegu hatukuweza kupima kila shamba la wilaya, kwa hiyo tulipiga kura tukapata wakulima thelathini. Hao ndio tunawaita sampuli. Kila mmoja alipanda nusu ya shamba mbegu mpya, nusu ya zamani. Nimetembea vijiji hivyo kwa miguu msimu mzima, vumbi hadi kwenye meno, nikipima mavuno kwa mizani.

Wastani wa mbegu mpya ulizidi kidogo. Mratibu wa mradi akafurahi, akataka tuandike imeshinda. Nikamwambia bado. Kwenye upimaji unaanza kwa ukaidi: unashika kwamba hakuna tofauti yoyote. Hiyo ndiyo nadharia tete ya kuanzia. Kisha unajiuliza, kama kweli hakuna tofauti, pengo kama hili lingeweza kutokea kwa bahati tu? Likiwa la nadra mno, pungufu ya mara tano katika mia, unaikataa nadharia yako. Letu halikuwa la nadra. Mashamba yalitofautiana mno: huyu alikuwa na samadi ya zizini, yule mvua ilimruka. Kushindwa kuikataa si kusema mbegu ni mbaya, Baba. Ni kusema ushahidi haujatosha.

Mratibu akachukua kalamu nyekundu, akazungushia mashamba manne ambayo mbegu mpya ilizidiwa na ya zamani.

"Futa haya manne. Yalikosa mvua."

"Mvua ilikosekana kwenye nusu zote mbili, Bwana Mratibu. Tukichagua tunayoyapenda, hatujapima kitu."

"Wewe umeajiriwa kupiga hesabu au kubishana?"

Manne yakafutwa, hesabu ikapigwa upya, pengo likatosha. Nikakataa kuweka sahihi. Wiki hiyohiyo nikaambiwa mkataba wangu ukiisha hautaongezwa, na jina langu likaondolewa kwenye ripoti. Miaka miwili ya chuo, Baba, na nilichofundishwa siku ya kwanza ndicho kimenifukuzisha.

Mmoja wa wenye mashamba yale manne ni Mama Yohana, mjane anayelima kwa jembe la mkono. Msimu wote alinipokea kwa ugali wa mtama na mlenda, akanionyesha mistari aliyopanda kwa kamba ili nusu mbili zisichanganyike. Hakuna mkulima aliyefuata maelekezo kuliko yeye. Nilikwenda kumweleza kwamba mavuno yake hayamo kwenye ripoti. Akaniuliza:

"Kwani niliyovuna hayakuwa mahindi?"



Jumamosi iliyopita nilikuwa sokoni. Muuza mbegu amesimama juu ya lori na kipaza sauti, anasoma ripoti yetu kwa madaha: wataalamu wamepima, wataalamu wamethibitisha. Watu wamepanga foleni. Nikawapitia mmoja mmoja nikiwaambia mashamba manne yaliachwa. Wengine walicheka, mmoja akaniuliza nimetumwa na mfanyabiashara gani. Katikati ya foleni nikamwona Mama Yohana, kitambaa chake cha hela mkononi.

"Mama, hata wewe? Si ulipanda mwenyewe, ukaona?"

Akaongea taratibu, kama anayenionea huruma.

"Niliona, mwanangu. Lakini karatasi inasema wenzangu wote wamepata. Basi ubaya uko kwenye shamba langu."

Nilimshika mkono nikamweleza tena tangu mwanzo. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishukuru, na foleni iliposogea, naye akasogea.

Nitakuwa huku mpaka mwisho wa mwezi, baadaye nitatafuta kazi Dodoma mjini. Nisalimie kaka yangu mkubwa na wifi, shangazi wa dukani, na babu, mwambie macho yake nayaombea. Mdogo wangu asiache hisabati hata akisikia haya.

Ni mimi binti yako, mwenye hasira lakini mzima,

Skola