Sajini Amekataa Sahani Yangu

Mshauri wetu mpendwa,

Nisaidie, maana rafiki yangu anarudi Nairobi baada ya wiki tatu, na paka wake aliyeniachia amebaki mifupa, na kosa ni langu, ingawa mume wangu anasema nisilitaje kabisa.

Naitwa Eddah Kavetsa. Nashona nguo hapa Kawangware 56, na nyumba yetu iko upande wa mtaa unaoitwa Kongo. Kabla sijaolewa nilikaa miaka minane Sarang'ombe, kule Kibera, mlango wangu ukitazamana na wa Magdaline, mama wa kutoka Siaya anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani. Nikikueleza wema wake utafikiri natia chumvi, kwa sababu mwaka niliougua taifodi alikuwa anafunga kibanda chake kila mchana anakuja kuninywesha uji mwepesi, vijiko vitatu, halafu anangoja aone kama umekaa tumboni, halafu vitatu vingine, mwezi mzima, na sisi si wa kabila moja wala kanisa moja, na mpaka leo hajawahi kunikumbusha.

Magdaline ana paka jike wa kijivu mwenye kifua cheupe. Anamwita Sajini, kwa sababu kila asubuhi anakagua magunia ya omena moja moja kama askari kwenye gwaride. Mshauri, mimi sijaona mnyama wa namna hiyo. Magunia yako wazi, omena imejaa mpaka juu, na yeye anapita katikati bila kuonja hata kichwa kimoja, mpaka Magdaline agonge sahani yake ya bati kwa kijiko. Nimeona wateja wakisahau walichokuja kununua wakabaki wanamtazama. Panya kwenye kile kibanda ni hadithi tu, na wauzaji wenzake wamemwomba mara nyingi awauzie paka, amekataa.

Mwezi wa tatu mama yake Magdaline alianguka huko kwao akavunjika nyonga, ikabidi aende kumuuguza. Alikuja kwangu kwa miguu kutoka Kibera, Sajini akiwa ndani ya kiondo kilichofunikwa leso, na mkononi mfuko wa omena kavu.

"Eddah, hii na ugali kidogo, asubuhi na jioni," aliniambia. "Osha mchanga, chemsha, ponda. Maji yawe karibu. Hatakusumbua."

Nikamwambia aende kwa amani, Sajini ni mtoto wangu.

Sasa hapa ndipo naona aibu. Niliutazama ule mfuko nikasema moyoni, paka wa mtu aliyenipa uhai hawezi kuja kwangu ale vile vile anavyokula kibandani, lazima nimpe raha, na bahati nilikuwa na mteja wa Lavington aliyekuwa anahama kurudi kwao ng'ambo, akaniachia katoni nzima ya chakula cha paka cha mkebe, nyama laini yenye mchuzi mzito unaonukia mpaka mimi mwenyewe nikameza mate, basi siku ile ile nikamfungulia Sajini mkebe mzima, na kando yake bakuli la maziwa ya pakiti, naye akala akalamba sahani mpaka ikazunguka sakafuni, nikafurahi kama nimelipa deni, na ile omena ya Magdaline, Mshauri, tuliipika tukaila sisi, mimi na mume wangu Khamala, jioni mbili.

Siku ya tatu Sajini akaanza kuhara. Nikafikiri mikebe imeharibika, nikaiacha nikaongeza maziwa, nikidhani maziwa ni dawa ya tumbo, akazidi kuhara. Gerishon mwenye bucha akaniambia paka ameumbiwa nyama mbichi, akanikatia mapafu ya ng'ombe, nikampa, akala kidogo akatapika. Nikarudi kwenye mkebe, lakini aliposikia tu unafunguliwa alikimbilia chini ya cherehani. Nikajaribu mayai, nikajaribu mkate uliochovywa kwenye chai, nikajaribu ugali na mchuzi wa matumbo, kila siku kitu kipya, na kila siku akala kidogo kuliko jana. Jana alikula kijiko kimoja tu. Leo amenusa sahani, akakwaruza sakafu kuizunguka kama anafukia uchafu, akaenda zake. Manyoya yamesimama, na nikimshika nazihesabu mbavu.

Na kuna jambo lingine. Magdaline ananiandikia, na kila barua inauliza, "Sajini anakula?" Nimemjibu mara mbili. Nimeandika kwa mkono wangu: "Amenenepa."

Juzi nilimlilia mume wangu. Akasema, "Eddah, paka ni paka. Hapa Kongo wa kijivu ni wengi. Tafuta mwenye kifua cheupe, umwite Sajini, yaishe."

"Na siku ya kwanza kibandani akiingia ndani ya gunia?"

Khamala akajibu, "Basi sema alikufa."

Mshauri, nilimkasirikia, lakini kesho yake nilijikuta natembea huku nachungulia vifua vya paka wa majirani. Hapo nikajua nimefika pabaya. Nimeacha gauni la watu nusu nikaandika barua hii, na nimeileta ofisini kwenu mwenyewe, sikuiamini posta. Nimpe nini Sajini ale? Na Magdaline nimwambie nini?

Wako katika wasiwasi,
Eddah Kavetsa

*

Eddah,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Wasomaji wajue kwamba jibu hili uliondoka nalo mkononi jioni ile ile, kwa sababu paka asiyekula hawezi kungoja gazeti lichapishwe. Kwanza nilimpigia simu Daktari Muigai, anayetibu wanyama, nikamsomea barua yako yote. Kuhusu ile omena mliyokula alicheka. Kuhusu mengine hakucheka.

Wewe una moyo mzuri na mkono wa haraka, na mkono ndio uliomwumiza Sajini. Fikiria. Ulipokuwa unapona taifodi, Magdaline alikuletea nyama choma? Alikuletea uji, vijiko vitatu, akangoja. Yule mwanamke hakusomea udaktari, lakini alijua tumbo haliharakishwi. Wewe ulimpokea paka aliyezoea chakula kimoja miaka na miaka, ukambadilishia kwa siku moja. Tumbo la paka linajizoeza na kile linachopewa. Ukilibadilishia ghafla linashindwa kusaga, na kinachofuata umeshakiona sakafuni kwako. Chakula cha mkebe si kibaya. Kibaya ni kukileta chote siku ya kwanza.

Maziwa nayo uyaache kabisa. Paka wengi wakubwa hayawakubali tumboni, hata kama wanayapenda mdomoni. Kila bakuli ulilomwekea ukidhani ni dawa lilikuwa linamharisha upya.

Halafu unashangaa kwamba anakimbia mkebe. Daktari anasema paka akiumwa tumbo baada ya kula kitu, anakishtaki kile kitu, na hakisamehe upesi. Sasa wewe ulimpa vitu sita akiwa mgonjwa, akavishtaki vyote sita. Hakuwa anaringa, Eddah, alikuwa anakuogopa wewe na sahani yako.

Sasa sikiliza. Leo hii pita sokoni ununue omena, na safari hii iwe ya paka. Ifanye kama ulivyoambiwa: osha, chemsha, ponda, changanya na ugali laini kidogo tu, omena iwe ndiyo nyingi. Mpe ikiwa vuguvugu, maana chakula baridi hakina harufu, na paka asiposikia harufu hali. Mwekee kijiko kimoja, ukae mbali naye, usimbembeleze wala kumlazimisha mdomo. Baada ya robo saa asipokula, ondoa. Baada ya saa chache, mwekee kingine kipya. Maji safi yawe karibu siku zote. Hakuna mayai, hakuna mapafu, hakuna mkate, hata Gerishon akisema nini. Na dawa ya minyoo ya watu usithubutu kumpa.

Kama hatakula chochote mpaka kesho jioni, au ukiona damu, au weupe wa macho na ufizi ukigeuka njano, mtie kwenye kiondo umpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo. Paka akishinda siku mbili tatu na njaa, ini lake linaanza kuharibika, na hapo omena ya ziwa zima haitamsaidia.

Akishatulia wiki nzima, ukitaka kumwonjesha kitu kingine, mwonjeshe kama chumvi: kidogo ndani ya kile anachokijua. Robo, baadaye nusu, siku kumi au zaidi. Tumbo likilegea, unarudi nyuma.

Kuhusu Magdaline, hapo sina upole. Umeniandikia ukurasa mzima wa kumsifu, na sifa zote nimeziamini, halafu unataka kumpa mtu kama huyo paka wa bandia? Mume wako anakupenda na anakushauri vibaya. Usingoje arudi. Andika leo usiku kabla hujalala: mikebe, maziwa, omena mliyokula, na lile neno "amenenepa". Usijitetee. Akikasirika, ni haki yake, na wewe utakaa na hasira yake kama alivyokaa na homa yako.

Na nikuambie jambo moja kabla hujaenda. Ningekuwa paka mgonjwa, ningependa kulala chini ya cherehani ya mtu anayeacha kazi ya watu mezani ili aniombee msaada. Sasa nenda, soko halijafungwa.

*

Wasomaji wangu, wiki nne baadaye nililetewa barua ya pili. Naiweka hapa karibu nzima.

Mshauri,

Usiku ule Sajini hakula. Asubuhi nikaweka kijiko kingine cha omena vuguvugu, nikarudi kushona nikiwa nimempa mgongo. Nilisikia ulimi kwenye sahani, nikaacha mashine mguu ukiwa hewani, nikaogopa hata kupumua. Alimaliza. Mchana akala kingine. Kuhara kulikatika siku ya tano. Wiki ya pili nilianza kumwongezea supu ya mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki baada ya minofu kukatwa. Supu tu, mifupa natupa, tone kwa tone kama ulivyosema. Manyoya yakalala, macho yakawaka, akaanza kukagua vitambaa vyangu.

Barua kwa Magdaline niliiandika. Haikujibiwa. Nilishona wiki tatu nikiwa na jiwe kifuani.

Alikuja Jumatatu, moja kwa moja kutoka stendi, akaketi kwenye benchi la wateja. Sajini alitoka chini ya mashine akampandia mapajani. Magdaline alimpapasa mbavu, akabonyeza tumbo polepole, akatazama ndani ya mdomo, mimi nikisubiri kama mtu aliye kortini.

"Barua yako niliisomea kwa mama," alisema. "Mara mbili."

"Umekasirika?"

"Omena ningekuachia mifuko miwili, mmoja wa paka, mmoja wenu. Nilikasirikia 'amenenepa'. Nilikuwa kando ya kitanda cha mama, nikasema angalau Sajini yuko sawa. Kumbe hayuko."

Nilisema pole. Alitikisa kichwa, akamtia Sajini kwenye kiondo, akaondoka. Nikadhani ndio mwisho wetu.

Ijumaa alirudi, kiondo mkononi, na paka ndani.

"Amekataa omena yangu," akasema. "Nimegonga sahani siku nne. Analamba kidogo, ananitazama kama mimi ni mgeni. Umempikia nini huyu?"

Nikamweleza habari ya supu ya mgongo wazi. Magdaline ameuza samaki miaka ishirini, Mshauri. Hakuna mtu Sarang'ombe yote anayemfundisha samaki. Alivua viatu, akavuta kigoda karibu na jiko langu, akakunja mikono ya gauni.

"Anza mwanzo," akaniambia. "Maji kiasi gani?"

*

Bi Magdaline, kwa kuwa nasikia nawe unasoma ukurasa huu, jibu hili ni lako. Usimkatize Sajini supu ya Eddah kwa siku moja, kosa hilo limeshafanywa mara moja na linatosha. Siku tatu za kwanza mpe kama alivyozoea Kawangware. Halafu punguza supu robo, ongeza maji ya omena yako robo, kila siku tatu, chakula kikiwa vuguvugu. Tumbo likilegea, rudi hatua moja. Baada ya wiki mbili atakula omena yako kama zamani, nawe hutahitaji tena kwenda kwa Eddah kuchukua supu. Mkitaka kuendelea kutembeleana hata hivyo, hilo halihitaji ushauri wangu.