Bega la Kushoto la Roland

Papa,

Jumamosi tumewapiga vijana wa Roland. Quatre à zéro, nne bila, kwenye uwanja wao wenyewe, na Roland amesimama kando ya mstari, mikono kichwani. Nakuambia wewe kabla ya maman, kwa sababu maman atasema nisali, na mimi sitaki kusali bado. Nimefurahi. Nimefurahi vibaya sana.

Tangu uondoke nimechukua vijana wako wa Berchem, wale wa miaka kumi na saba. Hakupatikana mtu mwingine wa kusimama kwenye mvua ile yote, donc wakanipa filimbi yako. Bado wanatembea kinyumenyume dakika kumi kabla ya kugusa mpira, kama ulivyonifanyisha mimi kwenye korido ya nyumba. Wazazi wanacheka. Waache wacheke.

Lakini ngoja nikupe habari za matanga yako, maana hukuziona. Salle ya Saint-Josse, ule ukumbi, ilijaa mpaka watu wakasimama nje. Mamans walipika sombe, fufu, samaki, kila kitu. Akaingia Roland, skafu ya kilabu kubwa mliyochezea shingoni, machozi yanamtiririka, akaomba neno. Akasema mlicheza beki ya kati pamoja miaka kumi na moja, yeye akiwa kichwa, wewe ukiwa miguu. Watu wakampigia makofi! Papa, neno lile lile. Ndilo alilowaambia wakubwa wa kilabu walipomuuliza nani kati yenu apewe timu ya kwanza. Likatoka gazetini. Ulilisoma umesimama jikoni, ukakunja gazeti vizuri, ukaenda kufundisha watoto wa Berchem kwa miaka tisa. Yeye akapewa timu, akaiharibu, na hata hapo hawakumfukuza, wakamwachia timu ya vijana. Mimi siku ile ya matanga nilikuwa nimeshika sahani ya fufu. Haki ya Mungu, kidogo tu nimrushie usoni.

Miguu!

Unakumbuka nilikuwa na miaka kumi na nne, tunaangalia kaseti za mechi zako, nikakuuliza mbona Tonton Roland hatazami kamwe nyuma ya bega lake la kushoto? Kila krosi anageuka kulia tu. Na kila mara wewe umeshamwacha mtu wako, umeshakimbilia nyuma yake kuziba. Ukacheka: "Umeona? Bon, funga kinywa. Hata yeye mwenyewe hajui." Miaka kumi na moja ulimfunika hivyo. Mara nyingine yule uliyemwacha akafunga, na uwanja mzima ukakupigia miluzi wewe, eti huna nidhamu, hukai mahali pako. Hukujitetea hata mara moja. Hilo, Papa, nina hasira nalo mpaka leo, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yako wewe.

Pale hospitali Woluwe nilikuambia basi, sasa nitamwambia, ajue nani alikuwa kichwa. Ukanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado unayo. "Usimuambie, mutoto yangu. Atasikia haya. Ile muntu ni ndugu yangu." Ukaniapisha. Nikaapa huku nalia, na sikuwa nalia kwa huzuni peke yake.

Bon. Jumamosi. Vijana wake wanapasha misuli, mimi nawatazama, na nikaona. Wee, Papa! Anawafundisha vile vile alivyocheza yeye. Mabeki wote wanne wamefungua mwili upande wa kulia, jicho kwenye mpira, hakuna hata mmoja anayegeuza shingo kushoto. Na nyuma yao wewe hupo.

Nikamwita Bilal, winga wangu, nikampa jambo moja tu: krosi ikija, pita nyuma ya bega la kushoto la beki wa kati, usiulize kwa nini. Bao la kwanza liliingia watu bado wanatafuta viti. La pili lilikuwa sawasawa na la kwanza. Kwenye la tatu niligeuka kumtazama Roland. Alikuwa anapiga kelele, sauti imekauka: "Kimbieni! Kimbieni!" Papa, alikuwa anatafuta miguu! Wakubwa wake walikuwa jukwaani, wanatazamana. Ningeweza kumtoa Bilal kwenye la tatu. Sikumtoa.

Baadaye alinifuata mpaka kwenye basi letu. Amezeeka, uso umemshuka. Akaniita ma fille, binti yangu. Akasema wakubwa wamempa mpaka mwisho wa msimu tu, akaniomba nimwonyeshe nilichoona. Kwa ajili yako, eti. Alithubutu kulitaja jina lako! Huruma ilinijia, sikatai. Mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka. Halafu nikayasikia tena yale makofi ya Saint-Josse, na wewe umelala pale huwezi kujibu kitu. Nikamwambia: Tonton, wewe si ndiye kichwa? Tafuta.

Nikapanda basi.

Aprili wanakuja kwetu Berchem. Bilal ameshaniuliza tutabadilisha nini, nikamjibu hatubadilishi kitu.

Nimekuletea maua ya njano, nimelisugua jiwe la kaburi lako, na barua hii naiweka chini ya chungu cha maua ili mvua isiifikie upesi. Najua ungenikasirikia. Ungeninunia siku mbili, halafu ungeniuliza bao la nne lilikuwaje. Lala, Papa yangu. Kiapo chako kiko salama kwangu, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Ulisema nisimwambie, na mutoto yako anatii: hata aje kupiga magoti mlangoni kwangu, sitamwambia.