Baba Mkwe Anataka Cheti, na Saini Ameipitishia Kalamu

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize mpaka mwisho hata kama barua hii ni ndefu, maana mume wangu nimeshamwambia na jibu lake ndilo lililonifanya nikuandikie wewe.

Mimi ni mwanamke wa hapa Toledo na kazi yangu ni kukagua saini za wachezaji wa besiboli, watu wananiletea mipira, magongo na fulana kutoka majimbo ya mbali, natazama kwa lenzi na kwa taa ya zambarau, nasema hii ni ya kweli au hii imeghushiwa, na nikisema ni ya kweli natoa cheti chenye jina langu, na sijisifu bure nikikwambia kwamba wanaonunua mnadani wakiliona jina la Renata Jankowiak hawaulizi swali la pili. Nimemnyima cheti jaji, nimemnyima daktari aliyekaa dukani kwangu akalia machozi, nimemnyima hata padri wetu, na wote walirudi baadaye na mipira mingine kwa sababu wanajua kwangu uongo haupiti.

Sasa baba mkwe wangu, mzee Casimir, ana mpira mmoja tu, aliosainiwa utotoni na Stas Dombrowski, yule mrushaji wa mkono wa kushoto aliyetoka mtaa wetu huuhuu wa Wapolandi akafika ligi kuu, akafa kijana, na ndiyo maana saini zake ni adimu. Mzee hakuuficha kabatini kama wakusanyaji wengine, aliuweka dirishani jikoni, upande wa barabara, ili kila apitaye aone mtaa huu umezaa nani, na wanunuzi wamegonga mlango wake mpaka wamechoka. Mwaka huu ameamua kuutoa kwa ukumbi wa parokia, sanduku la kioo limeshatengenezwa, na utawekwa rasmi Jumapili kabla ya mechi ya ufunguzi wa msimu.

Mzee huyu nilipoolewa alimwuliza mwanawe ni kazi gani hiyo ya kuchungulia majina ya watu. Basi juzi kwenye chakula cha parokia, soseji na kabichi ziko mezani, akasimama, akagonga glasi kwa kijiko, akasema mbele ya ukumbi mzima: "Mpira utakuja na cheti cha mkwe wangu. Mnamwona hapo amekaa kimya, lakini nchi nzima inajaribu kumdanganya na haiwezi." Watu wakanipigia makofi, na mimi, mshauri, nilijaa fahari hata chakula hakikushuka.

Siku iliyofuata nikauweka mpira chini ya taa. Wino wa zamani chini ya taa ile hufifia, mpya hung'aa, na saini ya Dombrowski iling'aa kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Nikaweka lenzi, nikaona mstari wa juu unatetemeka na kusimamasimama kama wa mtu anayefuata njia ya mwenzake, na chini yake, pale mkono ulipoteleza, kuna mstari mwembamba wa kahawia uliopita kwa kasi bila woga wowote, na huo naapa ni wa Dombrowski mwenyewe.

Nikamwuliza mzee kwa kuzungukazunguka, naye akanieleza yote kwa majivuno, kwamba jua la dirishani lilikuwa linaila saini, kwa hiyo kila mwaka siku ya mechi ya ufunguzi, kabla mpira wa kwanza haujarushwa, anavaa shati lake la kanisani, anachukua kalamu na kulipitia jina herufi kwa herufi. "Sasa wewe mwanangu ulitaka nifanyeje?" akasema. "Nimwache afutike na mimi nipo?"

Mshauri, saini iliyopitishiwa kalamu haipati cheti, hata kama chini yake ni ya kweli, hiyo ndiyo kanuni na mimi mwenyewe nimewafundisha wengine kanuni hiyo. Mume wangu Gerard anasema, "Andika tu, hauuzwi ule, nani ataumia? Unataka kumuua baba kwa ajili ya taa?" Nikiandika, jina langu ni bure, na nisipoandika nimemvunja mzee mbele ya parokia nzima, naye mpaka sasa hajui kitu, kila akiniona ananiuliza cheti nitakiweka fremu ya rangi gani. Nifanye nini?

Renata, Toledo

MSHAURI ANAJIBU

Renata, pole, halafu kaa chini nikuseme kidogo. Besiboli siijui. Marehemu mume wangu aliitazama maisha yake yote mimi nikipiga pasi, na mpaka leo sijui kwa nini wanakimbia. Lakini wakwe nawajua.

Umemnyima jaji, umemnyima padri, leo unamkwepa mzee wa dirisha la jikoni? Najua, unampenda. Ila umeona mapenzi ni kumfichia, na kila siku unayokaa kimya ukizungumzia fremu unamchimbia shimo.

Gerard mwambie nimesema anyamaze. Baba yake hakuwaahidi watu karatasi, aliwaahidi mtu asiyedanganyika. Ukiandika uongo, mzee ndiye atakayekuwa amewadanganya majirani zake, na hata hatajua kwamba amewadanganya.

Nenda kwake asubuhi, peke yako. Beba taa na lenzi. Mwache achungulie mwenyewe, umwonyeshe kwanza ule mstari wa kahawia, umwambie, "Baba, huyu ndiye. Sina shaka hata kidogo." Mzee huyo ameishi na mpira ule tangu utotoni na hakuna mwenye mamlaka aliyewahi kumwambia neno hilo. Mpe muda alifurahie. Ndipo umwambie kwamba huu wa juu ni mkono wake yeye, na kwa sababu hiyo cheti hakuna. Atanuna, pengine atakutolea maneno. Usibishane naye na usiondoke, mpikie mayai.

Akishatulia, mwandikie kadi ya kuwekwa kwenye kioo, kwa mwandiko wako, useme ulichokiona: kwamba mpira huu ulisainiwa na Stas Dombrowski, na kwamba Casimir Jankowiak amekuwa akilipitishia jina hilo kalamu kila msimu ili lisifutike. Majina yote mawili, kwa ukubwa uleule. Hiyo si cheti na mnadani haina kazi, lakini kila neno lake ni kweli. Sanduku lenyewe liwekwe mbali na jua, na kalamu mwombe mzee akupe kwa hiari yake.

Jumapili usimtume Gerard, wala usimwachie padri. Simama wewe mwenyewe uisome kadi yote, pamoja na pale panapouma, kisha ukakae karibu na mzee. Asipokutazama, usijali, wewe kula. Nakuhakikishia hutamaliza sahani kabla hujamsikia akimwambia jirani wa upande wa pili kwamba mkwe wake hakumpendelea hata yeye.