Kanga ya Mama Yake Selvam

Mwanangu Hamadi,

Salamu zikufikie huko India, kijijini kwa kina rafiki yako Selvam, na mama yake umpe zake. Sisi hapa Edmonton wazima. Baba yako mzima, goti tu na hii baridi. Mdogo wako Zuhura mzima, karudi shifti, kalala na viatu. Bibi yako mzima, kila saa anauliza Hamadi kala nini, namwambia wali, anatulia. Hata paka wa jirani mzima, anakungoja mlangoni. Mimi tu simo katika hao wazima.

Picha yako tumeipata. Wenzio wameona ng'ombe, pembe zimepakwa rangi, shingoni maua. Mimi nimeona kanga. Ile nyekundu niliyokukunjia mwenyewe begini, nikakwambia hii ni zawadi ya mama yake Selvam. Mbona iko shingoni mwako? Na usinambie baridi.

Unakumbuka Pemba, ule mwaka tuliokwenda? Ulikuwa mdogo, Kiswahili chako cha kuokoteza. Tumesimama na shangazi yako tunatazama mchezo wa ng'ombe, zumari linalia, wanawake wanamtukana ng'ombe kwa nyimbo, nawe unacheka hujui unachochekea. Mara nikahisi bega jepesi. Kanga yangu unayo wewe, uko uwanjani, unampungia ng'ombe kama mtu anayesimamisha basi. Ng'ombe akaja. Mjomba wako na wenziwe wakavuta kamba aliyofungwa kwa nguvu zao zote, akageuka pale pale mbele yako. Ukarudi, ukanambia:

"Mama, nilikuwa natazama tu."

Shangazi yako akacheka mpaka akakaa chini. "Huyu akitaka kutazama, mfungeni yeye hiyo kamba."

Na juzi mlangoni, begi mkononi, ulinambia nini? Kwamba mchezo wa ng'ombe wa huko unakwenda kutazama tu.

Basi nikamwambia Zuhura anionyeshe kwenye simu huo mchezo wa huko. Ng'ombe anachomoka kwenye kilango, vijana wanamrukia nundu. Nikatafuta kamba. Nikamwambia rudisha nyuma. Hakuna kamba, Hamadi. Zuhura ananituliza, kwa Kiingereza chake, kwamba watazamaji wanakaa nyuma ya uzio wa mbao. Sawa. Lakini yeye siku ile ya Pemba alikuwa hajazaliwa.

Tangu asubuhi nimemimina chai mara tatu sikuinywa. Nimefika kituo cha basi, nikarudi nyumbani kufuata simu, kumbe ninayo mkononi.

Sikukatazi kufurahi, baba. Mchezo wa ng'ombe hata mimi naupenda, nilikupeleka mwenyewe. Ila kesho wakifungua kile kilango, kanga iwe begani kwa mwenyewe, mama yake Selvam, nawe ukae ubavuni pake, nyuma ya mbao. Mpigwe picha pamoja, uitume kabla ng'ombe wa kwanza hajatoka. Maneno usiandike, sitayasoma. Nitatazama kanga iko kwa nani.

Fanya upesi, mwanangu. Simu nimeiweka kifuani.

Ni mimi mama yako, niliyebaki na bega jepesi.